Simu Mbili na Upande wa Kibla

Mamangu alihamia kwangu Likoni Ijumaa moja, yeye na kitanda chake cha chuma, sanduku la nguo na birika la kutawadhia. Macho yalikuwa yamemzimika. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa kumpeleka. Nyumbani kwake Mtongwe alizunguka peke yake bila kugonga kitu, maana kila ukuta aliujua tangu akiwa bi harusi, lakini alipoungua mkono kwa maji ya chai sisi watoto wake watatu tulikaa tukaamua kwamba hakai tena peke yake. Kaka yetu mkubwa anaishi Changamwe, chumba kimoja na watoto wanne. Mdogo wangu yuko Kisauni, nyumba ya wakwe. Mwenye chumba cha ziada nilikuwa mimi, kwa sababu ndiye niliyeachika.

Nilikuwa nimekaa kwenye ghorofa lile miezi saba. Naanza na hesabu hiyo kwa kuwa yote yaliyotokea yanatoka hapo. Miezi saba, na humo ndani sikuwa nimeswali hata rakaa moja. Sikukata shauri kuacha. Nilipotoka kwa mume na talaka yangu mkononi niliona uzito, nikasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Mtu aliyelelewa na mamangu haachi swala kwa kutangaza, huacha kwa kujificha. Asubuhi nilikuwa natoka mapema kwenda kushona sare za shule, jioni narudi, nafunga mlango. Hakuna aliyejua, na nilikuwa nimejipanga asijue mtu.

Siku hiyo mama alipandishwa ngazi hadi orofa ya tatu, kaka akimshika huku na mdogo wangu kule, na ngazi zenyewe zinapinda kila baada ya hatua chache. Akaketi kitandani, akapumua, akasema alhamdulillahi, nami nikampa mswala wangu niliotoka kuutoa sandukuni. Kisha akauliza swali lake la kwanza humo ndani.

"Kibla ni wapi hapa, mwanangu?"

Sikujua. Likoni mtu yeyote atakwambia kibla ni kaskazini, ukitazama kivukoni umetazama kibla, na akina mama wa zamani hawakuhitaji zaidi ya hilo. Lakini mimi nikishapanda ngazi zile sijui kivuko kimebaki nyuma au mbele. Dirisha langu linatazama ukuta wa ghorofa la jirani. Adhana nazisikia kutoka misikiti mitatu, kila mmoja na spika zake, na sauti hizo huingia ndani kwa pamoja kutoka pande zote. Nilisimama nimeshika birika la mama.

"Mimi mwenyewe hukisia tu, mama," nikasema. "Hebu hawa watazame kwenye simu zao, ndiyo tupate uhakika."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza, na nilijitia mtegoni mwenyewe.

Lazima nieleze kuhusu simu za ndugu zangu, ingawa nilizielewa nusunusu. Kaka ana simu ya tunda, ile yenye tunda lililong'atwa mgongoni. Aliinunua imeshatumiwa na mtu huko Arabuni, akaivalisha gamba la ngozi lenye sumaku ya kufungia. Mdogo wangu ana simu ya roboti, ile inayoonyesha roboti wa kijani ikiwashwa, mpya, ya laini mbili, na ndiyo anayouzia madera mtandaoni. Kwa miaka miwili hawakukutana bila kuzishindanisha. Kaka atasema yake hata ikizeeka ina bei, haigandi, na picha zake zinatoka hata gizani. Mdogo wangu atasema kwa bei ya simu hiyo yeye angenunua ya kwake, na friji, na chenji ikabaki ya samaki wa kutia ndani ya friji. Nilisikia habari za rami na pikseli na prosesa mpaka nikaziota, na hadi leo ukiniuliza rami ni nini nitakwambia hujambo. Mimi natumia simu ya kubonyeza, yenye tochi. Wote wawili walitaka kuniokoa nayo, kila mmoja kwa upande wake, na kwa kubabaishwa na wote wawili nikabaki nayo.

"Simu yako ina laini mbili na haina akili," kaka humwambia mdogo wangu.

"Na yako ina akili na haina chaji. Mwenye akili gani yuwatembea na waya mfukoni?"

Basi nilipowaambia watazame kwenye simu, hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Kaka aliilaza yake kitandani, karibu na goti la mama. Mshale wa kijani ukazunguka, ukasita, ukatulia umeelekea kabati la nguo.

"Kabatini," akasema. "Bismillahi, mama, swali."

Mdogo wangu akaiweka yake ubavuni mwa ile. Mshale wake ukaenda moja kwa moja dirishani. Kabati na dirisha yapo kwenye kuta mbili zinazokutana kona, kwa hiyo ukielekea hili, lile liko begani. Nilizitazama simu zile mbili zimelala pamoja na zinapingana kama wenyewe wanavyopingana, nikachanganyikiwa nisijue nicheke au nikimbie.

"Yako imepotea," mdogo wangu akasema. "Haijazoea Likoni."

"Hii yazungumza na setilaiti."

"Na setilaiti yazungumza na mtu asiyetia bando?"

Nilikumbuka kwamba kitanda ni cha chuma, nikasema labda chuma kinazivuruga. Wakazishusha sakafuni. Ya kaka sasa ikaelekea mlangoni, ya mdogo wangu ikahama dirishani ikaja katikati. Wakazipeleka jikoni. Huko zikakubaliana kwa muda wa kukohoa mara moja, kwenye jiko la gesi, kisha zikaachana tena. Simu ya kaka ikaandika kwamba ichorewe nane hewani ndipo ipate dira yake, na ya mdogo wangu nayo ikaandika hivyo hivyo, basi nikawa nawaona ndugu zangu, watu wazima wenye watoto, wamesimama katikati ya chumba wanazungusha mikono hewani wakichora nane. Mama alikuwa ameketi, mikono mapajani juu ya mswala, uso ameuelekeza kwenye sauti zao.

Walipomaliza kuchora, mishale ilirudi pale pale ilipoanzia. Kabatini na dirishani.

"Vua hilo gamba," mdogo wangu akasema. "Lina sumaku."

"Gamba halitoki." Nilikuja kujua baadaye kwamba gamba lile ndilo lililoshikilia kioo cha mgongo wa simu, kilichokuwa kimepasuka, na kaka hakutaka mdogo wangu akione.

Kaka akasema basi agonge mlango wa jirani aulize. Jirani yangu ni mama mtu mzima, mswalihina, na angeulizwa kibla kutoka nyumba ambayo mtu ameishi miezi saba angesema nini? Aliyeniokoa ni mdogo wangu, bila kujua.

"Tuna simu mbili za maana, twende tukabishe hodi kwa watu tuulize kibla? Huko ni kujiaibisha."

Kaka akaona ni kweli. Nami nikaona ni kweli zaidi yake. Nasema wazi kwamba ugomvi wao ulinifaa, na kila walipouchochea nilikuwa napumua vizuri, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama mimi.

Mdogo wangu akampigia simu mwalimu wa madrasa anayewafundisha wanawe, akaiweka sauti ya nje ili sote tusikie. Mwalimu alisikiliza kisa chote kwa subira. Akasema mtu asiyeona humfuata yule anayemwambia, madhali anamwamini. Na wakimwambia wawili wakahitilafiana, basi na amfuate yule ambaye moyo wake unamwamini zaidi, na swala yake itakuwa sahihi inshallah.

Simu ikakatwa. Kaka aliinama akajifanya anafuta kioo. Mdogo wangu akakunja ushungi wake, akaukunjua. Tulikuwa tumekuja kutafuta upande wa kaskazini, na sasa mama anatakiwa aseme, mbele ya watoto wake, ni nani anayemwamini zaidi.

"Chai haijawa tayari?" mama akauliza.

Wakanywa chai wakaondoka, kaka akitangulia kwa sababu chaji ilikuwa imemwishia na alitaka kuwahi kivuko kabla ya msongamano. Mama alisema ataswali alasiri akishanyoosha mgongo kidogo. Nilimwachia mswala, nikamwambia nakwenda dukani, nikateremka nikasimama chini ya ngazi bila kununua chochote. Niliporudi mswala ulikuwa umekunjwa na mama ameketi.

Jioni ile kaka alinipigia. "Mama ameswali upande gani?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua.

"Kabatini," nikamwambia.

Hata sijaweka simu chini mdogo wangu akapiga. "Dada, mama amefuata upande gani?"

"Dirishani."

Hadi leo kila mmoja anajua kwamba mama alifuata simu yake. Nilidhani nimemaliza jambo. Mama alikuwa chumba cha pili, mlango umeegeshwa, na mimi nilisahau kwamba asiyeona ndiye anayesikia.

Jumamosi ilipita, na Jumapili. Nilimwogesha, nikamsuka, tukazungumza habari za watu wa Mtongwe mmoja mmoja, waliooa na waliokufa. Kila ikiadhiniwa alitawadha mwenyewe kwa birika lake, nami nikatafuta shughuli jikoni. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Swala zake zilikuwa ndefu kuliko nilivyozikumbuka. Nilijiambia ni uzee, ni goti, ni kwamba mtu asiyeona huinuka polepole. Jumapili jioni alilalamika miguu inamuuma, nikampaka mafuta ya karafuu, na magoti yake yalikuwa yamevimba.

Jumatatu sikwenda kushona. Adhuhuri nilikuwa nimempikia wali na mchuzi wa papa, nikaingia kumwambia chakula tayari nikijua ameshamaliza. Ndiyo alikuwa anamaliza. Alikuwa ameketi mswalani ameelekea kabati, akatoa salamu kulia na kushoto. Nilitaka kusema neno, lakini kabla sijafungua kinywa aliweka mkono sakafuni, akaupapasa ukingo wa mswala, akauvuta, akaugeuza polepole ukaelekea dirisha. Akashika kitanda, akainuka kwa shida, akasimama juu yake. Akafunga swala kwa takbira. Akaanza upya, adhuhuri ile ile, rakaa nne.

Nilisimama mlangoni rakaa zote nne. Alipokwenda kusujudu alitangulia kupapasa, kisha goti moja, kisha la pili, na kila goti lilipogusa chini nilisikia pumzi yake. Nikafanya hesabu bila kutaka. Ijumaa alasiri mpaka Jumatatu adhuhuri, mara mbili kila swala. Mwanamke wa umri ule, na hakulalamika zaidi ya kuomba mafuta ya karafuu.

Alipotoa salamu nikamwita. "Mama."

"Abee." Ndivyo anavyoitika hata akiitwa na mtoto wake.

"Mbona waswali mara mbili?"

Hakushtuka. "Ya kwanza ni ya kakako. Ya pili ni ya dadako."

"Lakini mwalimu alisema ufuate mmoja."

"Mwalimu hakuzaa hawa," akasema. "Nikimfuata huyu, yule mwengine atakwenda nalo kaburini kwamba mamake hakumwamini. Kwa sababu ya simu. Wallahi mimi siwezi. Magoti ni yangu, wacha yaume."

"Na mimi nimewaambia kila mmoja umefuata yake."

"Nilikusikia."

Nilitoka mle chumbani. Nilikuwa na hasira, na mwanzoni nilidhani nawakasirikia wao, na zile simu, na huo mshale wa kijani. Nilisimama jikoni natazama wali unavyopoa mpaka nikakubali kwamba ndugu zangu hawakufanya kosa lolote. Waliulizwa swali nao wakajibu kwa walichokuwa nacho mkononi. Swali lilikuwa la kwangu, na niliwatupia wao ili nisiulizwe mimi.

Nikapanda paani, kwenye kamba za kuanikia nguo. Sikuwa nimewahi kupanda, nguo zangu naanika dirishani. Kutoka huko juu kivuko kinaonekana wazi, na maji, na kisiwa ng'ambo, na pale pale nikajua kaskazini ni wapi, mwenyewe, bila kuuliza mtu. Nikanyoosha mkono kuelekea kivukoni nikaamua kuteremka nao hivyo hivyo umenyooka, ili nikifika chumbani unionyeshe. Ngazi ya kwanza ilipopinda niligeuza mkono upande mmoja, ya pili ilipopinda nikaugeuza upande ambao sikuwa na hakika nao, na kwenye orofa ya tano nikakutana na jirani, yule mswalihina, anatoka kwa mwanawe na sufuria.

"Mwanangu, umeteguka bega?"

"La, mama. Shikamoo."

"Marahaba," akasema, akanipisha, akaendelea kuutazama mkono wangu.

Nilipofika mlangoni kwangu mkono ulikuwa unaelekea chooni. Nikajua nimepotea tena. Nikakaa kwenye ngazi, nikafikiri kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha nikaingia, nikachukua leso ya mama, nikaifunga kwenye nondo za dirisha ikaning'inia nje, nikapanda tena paani. Nikainama ukingoni mpaka nikaiona leso ile chini, nyekundu, inapepea kati ya kuta mbili. Dirisha ni pale. Kivuko ni kule. Ukisimama umelitazama dirisha, kivuko kiko kushoto kwako, si kushoto kabisa, ni kwenye kona, kati ya dirisha na mlango. Nilirudia maneno hayo kila hatua ya ngazi. Dirisha na mlango, dirisha na mlango. Simu ya mdogo wangu ilikosea kidogo na ya kaka ilikosea sana, au leso yangu ndiyo iliyokosea, kwa sababu hata sasa siwezi kuapa.

Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Mama alikuwa ametawadha, maji bado yanamtona kwenye viwiko, anapapasa mswala autandike kabatini. Nikauchukua mikononi mwake nikautandika mimi. Nikamshika mabega nikamgeuza.

"Kibla ni huku, mama."

Aliunyoosha mguu akagusa ukingo wa mswala, akapima umekaaje.

"Simu ya nani yasema hivo?"

"Si simu. Ni mimi."

"Wewe," akasema. "Siku tatu nangoja unambie wewe. Wale ni wageni humu kama mimi. Mgeni akiingia nyumba ya watu, mwenye nyumba ndiye humuonyesha maji, akamuonyesha na kibla. Kakako hajui kibla ya hapa, dadako hajui. Mimi nilikuuliza wewe."

Nikamwambia anisamehe, kwamba sikuwa najua.

"Hukuwa wajua, naam. Mswala ulonipa siku ya kwanza ulikuwa na mikunjo ya sandukuni, haujakanyagwa na mtu."

Kwa hiyo alijua tangu Ijumaa. Alijua kabla hata mishale haijatulia, alipokuwa ameketi pale mikono mapajani na mimi nafurahi kwamba hakuna anayenitazama. Niliona aibu ambayo sijaiona hata siku ile ya talaka, nikalia, na yeye aliniacha nilie wala hakuuliza ni tangu lini. Nilipoweza kusema nilimwambia ukweli mwingine, kwamba hata upande huo wenyewe sina hakika nao, kwamba nimeupata kwa leso na kwa kuchungulia, na huenda nimekosea.

"Mimi nimekuamini wewe," akasema. "Yaliyobaki si yangu."

Alinyoosha mkono akanipapasa mpaka akakipata kiganja changu, akakigeuza, akakishika kwa vidole vyake vilivyolowa.

"Mkono mkavu," akasema. "Huna udhu."

"Sina, mama."

Akaniachia, akashika kitanda, akaketi taratibu kwenye ukingo wa mswala, uso ameuelekeza pale nilipomwelekeza.

"Enda katawadhe. Nakungoja."